Kidole Gumba cha Papa Anaclet

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na saba, miezi tisa na siku ishirini na tatu ya kazi, Papa Anaclet Mwila, baba yetu sote na mtunza kumbukumbu wa Taasisi ya Uuguzi ya Nuru hapa Katuba, Lubumbashi, anastaafu rasmi. Hizo siku ishirini na tatu amezihesabu mwenyewe. Mimi ningeziacha, yeye alikataa katakata. Mmeshagundua kwamba tarehe hiyo ni sikukuu ya uhuru wa Kongo, yaani nchi nzima haitafanya kazi siku ambayo yeye anaacha kazi. Amekuwa akitukumbusha jambo hilo tangu Januari, na kila mara anacheka kana kwamba tunalisikia kwa mara ya kwanza. Ndiyo maana tunamuaga leo Ijumaa, siku tatu kabla, wakati watu bado wapo na sambusa bado ni za moto.

Nimeombwa kuandika wasifu huu mimi, Albertine, katibu wa shule, kwa kuwa nimekaa naye ofisi moja kwa miaka kumi na tisa, meza yangu ikitazama meza yake. Mkuu wetu wa shule, Préfet Gérard, aliniagiza niandike kwa ufupi na nisimpambe mzee wa watu kupita kiasi. Kwa ufupi sikuweza. Kumpamba sikuwa na mpango huo hata kidogo, kwa sababu nina jambo langu la kukiri humu ndani, na anayekiri hana nafasi ya kupamba.

Papa Anaclet alizaliwa Kabalo mwaka 1960, mtoto wa karani wa stesheni ya reli. Wengi wetu tumeshasimuliwa habari za ofisi ya baba yake: meza moja iliyokuwa hatua nne tu kutoka kwenye reli, na dirisha lisilofungika. Treni ya mizigo ikipita, upepo uliingia na kutawanya hati za mizigo mpaka uwanjani, na karani aliyepoteza hati alikuwa na maelezo ya kutoa. Kwa hiyo mzee yule aliwafundisha watoto wake kushika karatasi kwa kidole gumba cha kushoto muda wote wanapoisoma, treni ipo au haipo. Kijana akaja Lubumbashi, akasoma, akaoa, akaanza kazi kwetu Jumatatu tarehe 7 Septemba 1987, na kidole kikaja pamoja naye.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Mashine ya chapa ya wakati ule ilibebwa na watu wawili, nayo ilipopigwa ofisini, wanafunzi wa darasa la pili waliisikia. Mwaka 1994 akakabidhiwa kumbukumbu zote za shule, na mwaka huohuo, katika wiki ya kwanza, mashine ya kukatia karatasi ikamgawanya ukucha wa kidole gumba cha kushoto katikati, kutoka juu mpaka chini. Ukucha ulipona ukiwa na mfereji. Haujawahi kurudi kama zamani. Naomba mkumbuke mfereji huo, tutauhitaji baadaye.

Kwa wageni wetu wa leo, nieleze mtunza kumbukumbu anatunza nini. Kila mwaka shule yetu hufungua daftari kubwa la alama ambalo hapa kila mtu analiita palmarès. Humo mna jina la kila mwanafunzi, namba yake pembeni kushoto, na alama zake zote hadi mtihani wa mwisho. Muuguzi aliyehitimu kwetu akitafuta kazi, au akitaka kuendelea na masomo, au hospitali ikitaka kujua kama kweli alisoma, jibu liko katika palmarès na si mahali pengine. Papa Anaclet aliyajua madaftari hayo mpaka harufu zake. Ukimtajia jina la mtu aliyehitimu zamani, alikutajia mwaka, kisha akakutajia aliyekaa naye dawati moja, na wakati mwingine jambo ambalo mwenyewe angependa lisahaulike.

Januari 2021 upepo wa mvua uliinua bati moja la paa juu ya chumba cha kumbukumbu. Tulifungua mlango Jumatatu asubuhi tukakuta madaftari mawili, la 1991 na la 1992, yamekuwa uji. Papa Anaclet alitundika kurasa zilizobaki kwenye kamba ya nguo nyuma ya jiko, kila ukurasa na vibanio vyake viwili, akakaa kitini chini yake siku nzima akizilinda dhidi ya kuku wa jirani. Zilipokauka hazikuwa na maandishi tena. Nilimwona akilia, na sisemi hivyo kwa kutafuta machozi yenu: alilia kwa sauti, uwanjani, mbele ya wanafunzi, kwa ajili ya majina sitini na tisa.

Baada ya hapo ndipo ilipoingia kompyuta. Chama cha wahitimu wetu wa zamani kilituletea mwezi Machi kompyuta mpakato moja, ndogo, nyembamba, nyepesi kiasi kwamba Papa Anaclet alipokabidhiwa aliigeuza upande wa chini akitafuta sehemu iliyosahauliwa. Alizoea mashine inayobebwa na watu wawili. Alisema, na maneno haya yamebaki ofisini kwetu kama kiitikio: "Hii mashine iko mwepesi sana. Siku moja itaruka." Mkewe, Mama Léonie, akaishonea mfuko wa kitenge wenye maua ya manjano, na tangu hapo haijawahi kulala nje ya mfuko huo.

Mpango ulikuwa rahisi kuusema. Piga picha ya kila ukurasa wa kila daftari kwa simu, hamishia picha kwenye kompyuta kwa waya, zipange, zigeuze kuwa PDF, yaani faili moja yenye kurasa zote kwa utaratibu wake, ambayo mtu hawezi kuivuruga kwa kugusa vibaya na ambayo inafunguka vilevile kwenye mashine yoyote. Mvua ikija, ije. Mzee wa miaka sitini na mmoja, ambaye mpaka siku ile alitumia simu yake kupokea salamu tu, akasema atafanya mwenyewe na hataki mtu aguse daftari.

Hatukosi haki ya kumcheka kidogo, maana mwanzo ulikuwa wa kuchekesha. PDF yake ya kwanza haikuwa moja. Alichukua kurasa mia mbili na kumi na nne za palmarès ya 1995 akageuza kila ukurasa kuwa PDF yake peke yake, kisha akazituma zote kwa barua pepe kwa Préfet Gérard, moja baada ya nyingine, Jumapili asubuhi, Préfet akiwa kanisani amesahau kuzima sauti ya simu. Padre alisimamisha mahubiri kwenye ya arobaini. Palmarès ya 1998 nayo ilikaa wiki tatu ikiwa na picha ya mbuzi kati ya ukurasa wa 60 na wa 61, kwa sababu Papa Anaclet alikuwa anatafuta mbuzi wa harusi ya binti yake, Exaucée, na muuzaji wa kule Annexe alikuwa amemtumia picha. Mbuzi alikuwa mnene, lazima niseme, na alionekana vizuri kuliko wahitimu wa mwaka ule.

Lakini alijifunza, na alijifunza kwa namna yake. Aligundua kwamba kompyuta ile nyepesi haiwezi mzigo mkubwa: ukiipa picha thelathini kwa mara moja inajifikiria, inapata joto, inanyamaza kabisa. Ishirini inazimeza. Basi ikawa sheria. "Ma-photo makumi mbili, kisha ipumuzike." Mashine ilipopumzika na yeye alipumzika, akanywa chai, akarudi, akapiga ishirini nyingine, na jioni akaunganisha vipande vyote kuwa faili moja. Picha alipiga saa tatu hadi saa tano tu, kwenye meza iliyo karibu na dirisha, wakati jua halitupi kivuli cha simu kwenye karatasi. Umeme ukikatika, na mnajua unavyokatika, sisi wengine tulitoka kuota jua, yeye aliendelea kwa betri. Mwezi wa tano alikuwa amemaliza madaftari tisa.

Alifanya vema kuharakisha. Mwezi wa saba mchwa walipita kwenye ukuta wakaingia rafu ya chini, wakala madaftari manne, la 2001 hadi la 2004. Walikula yote, wakaacha majalada. Safari hii Papa Anaclet hakulia. Alipiga mfuko wa kitenge kwa kiganja, akasema: "Bamechelewa." Yale manne alikuwa ameshayapiga picha.

Sasa nifike kwenye kidole.

Katika kila ukurasa wa kila PDF ya Papa Anaclet, pembeni kushoto, kuna kidole gumba. Ni chake, kile cha Kabalo, chenye ukucha uliogawanyika. Alishika simu kwa mkono wa kulia na karatasi kwa kidole cha kushoto, na hakukubali kuishika kwa kitu kingine. Tulimpa jiwe safi la mtoni, akasema linatupa kivuli. Tulimpa kioo, kikang'aa na kufuta alama. Tulimpa rula, ikafunika namba za wanafunzi, wakati kidole chake, ambacho alikiweka kwa kipimo cha fundi, hakikufunika hata namba moja kwa miaka minne. Préfet Gérard alipofungua faili ya kwanza aliuliza mbele ya mkutano wa walimu: "Anaclet, hii kidole ni ya nani?" Watu walicheka sana. Papa Anaclet alijibu bila kucheka: "Kidole ikitoka, karatasi nayo inaruka."

Anayeandika haya ndiye aliyekuwa mpinzani mkuu wa kidole hicho. Nilisema kinatuaibisha. Nilisema hati ya shule haiwezi kutoka na mwili wa mtu ndani yake. Nilisema mengi, naye kila mara aliangalia kucha zangu, ambazo huwa napaka rangi nyekundu, akasema zangu ni nzuri mno kwa kazi ya kumbukumbu na ndiyo maana nina wivu na chake. Nilikasirika kweli, msidhani ilikuwa mzaha tu. Nikajifundisha polepole kukata picha kwenye kompyuta ileile, nikisubiri siku yangu.

Siku yangu ilikuja Agosti 2023. Hospitali moja ya katikati ya mji ilikuwa inaajiri wauguzi, na kamati yake iliomba kwetu uthibitisho wa alama za watu wanne waliosoma hapa. Za watatu Papa Anaclet alizituma mwenyewe. Wa nne alikuwa Gaëlle Bwalya, aliyehitimu 2004. Wakati barua yake inafika, Papa Anaclet alikuwa Kipushi kwenye msiba wa shemeji yake. Nikachukua kompyuta kwenye mfuko wa kitenge, nikatafuta kurasa za Gaëlle, nikazinakili, nikakata kidole kila ukurasa, nikageuza picha kuwa PDF safi kabisa, nikaituma. Nilijipongeza. Nilisema moyoni, hivi ndivyo shule inavyopaswa kuonekana.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, saa nne na robo asubuhi, Gaëlle aliingia ofisini akiwa amevaa sare yake nyeupe, nzuri, iliyopigwa pasi, na uso umemshuka. Alikuwa ameacha kazi ya zahanati ya mbali kwa ajili ya nafasi hii, mumewe ni mgonjwa, na hapo mjini ndipo anapotibiwa. Alituambia maneno machache tu: "Papa, dossier yangu balikatala. Banasema haina na numéro. Saa sita banafunga orodha."

Papa Anaclet alifungua faili niliyoituma. Aliitazama, akanipisha nitazame. Namba za wanafunzi ziko pembeni kushoto, kando kabisa ya pale kidole kinapokaa. Nilipokata kidole nilikata na namba. Kamati ilikuwa na faili tatu kutoka shule yetu, zote zina namba na zote zina kidole kilekile, na ya nne haina hiki wala kile. Ungekuwa wewe ungesema nini? Walisema Gaëlle ameighushi. Na daftari lenyewe la kuwaonyesha halikuwepo tena, lilikuwa tumboni mwa mchwa. Miaka yote minne ya shule ya mwanamke yule ilikuwa imebaki ndani ya kompyuta moja ndogo, na mimi nilikuwa nimeipitisha kwenye mkasi.

Niliona aibu ambayo sijapata kuiona kazini, na nilitamani anigombeze. Hakunigombeza. Aliuliza betri imebaki kiasi gani, maana umeme haukuwepo tangu saa mbili. Asilimia arobaini na tatu. Hospitali ilikuwa imesema haipokei tena faili ya Gaëlle kwa barua pepe. Anayebisha aje mwenyewe na chanzo chake. Basi la abiria, kwa saa ile na foleni ile ya magari, lisingefika. Kulikuwa na pikipiki tu. Sasa, Papa Anaclet alikuwa ameapa mbele ya Mama Léonie na mbele ya padre kwamba hatapanda pikipiki mpaka anakufa. Aliweka mfuko wa kitenge kifuani, akafunga koti juu yake, akapanda. Gaëlle akapanda nyingine, na mimi nikapanda ya tatu, maana sikuweza kubaki ofisini na mkasi wangu. Njia nzima nilimwona mbele yangu amekumbatia koti lake kwa mikono yote miwili, amefumba macho. Ingekuwa ile mashine ya chapa ya zamani, tungekuwa bado Katuba mpaka leo.

Tuliingia mbele ya kamati saa tano na dakika ishirini na tano. Watu watano, na katikati yao daktari mwanamke mwenye miwani, ambaye alituambia kwa heshima kwamba ana dakika chache. Papa Anaclet akatoa kompyuta kwenye mfuko wa maua ya manjano. Mmoja wao akatabasamu, nami nikamchukia hapo hapo. Mzee akaomba kiti, akafungua picha zenyewe, zile za mwanzo ambazo hakuna aliyewahi kuzigusa, akachagua nane: kwa kila mwaka, ukurasa wa mbele na ukurasa wenye jina la Gaëlle. Moja ilikuwa imelala upande, akaisimamisha. Akazipanga kwa mwaka. Akabonyeza. Kompyuta ikaanza kufikiri. Ule mstari wa kuonyesha kazi inavyokwenda ulifika nusu ukasimama, na watu wazima wanane tuliuangalia, na Papa Anaclet akaigonga kompyuta kidogo kwa kidole akaiambia: "Iko nane tu. Ulishabeba makumi mbili."

Ikamaliza. Namba ilikuwepo, ileile, miaka yote minne. Daktari akaiangalia, akazitandaza mezani zile faili tatu nyingine alizokuwa amezichapa, akainama karibu. Akasema ameona kidole hiki wiki nzima na wamekuwa wakijiuliza. Kisha akauliza swali lenyewe: "Papa, sasa nani anaweza kutuhakikishia kama hii iko ya kweli?"

Papa Anaclet aliweka mkono wake wa kushoto mezani, kando ya kioo cha kompyuta, kidole gumba juu. Ukucha na mfereji wake. "Kidole ya mu photo njo hii," alisema.

Chumba kizima kilicheka, na yule niliyemchukia akacheka kuliko wote, nikamsamehe. Daktari alivua miwani akaifuta. Gaëlle aliandikwa kwenye orodha saa tano na dakika hamsini, na betri ilikuwa asilimia kumi na tisa. Pale nje, chini ya jua, alimshika Papa Anaclet mikono yote miwili, naye akamwambia aende akanywe maji. Kisha akatangaza kwamba kurudi Katuba tutapanda basi, hata kama tutafika kesho. Gaëlle yuko nasi leo, pale safu ya mbele, ni msimamizi wa wodi sasa, na mumewe ambaye amekaa kando yake ananenepa.

Jumatatu yake nilimwandikia Papa Anaclet barua ya kuomba radhi na kuiweka mezani kwake. Aliisoma akiwa ameishika kwa kidole. Halafu akaipiga picha, akaigeuza kuwa PDF, akaihifadhi katika kumbukumbu za shule, ambako bado ipo, na mtu yeyote anaweza kuisoma, pamoja na makosa yangu ya haraka. Hiyo ndiyo adhabu pekee niliyoipata. Toka siku hiyo Préfet Gérard aliamuru kwamba kidole kibaki, na hospitali mbili zimeshatuandikia kuuliza kama faili fulani ni yetu kwa sababu haina kidole. Faili zote mbili hazikuwa zetu.

Kwa miaka minne, akipiga picha ishirini kisha chai, Papa Anaclet amegeuza kuwa PDF kila daftari lililobaki la shule hii, kurasa elfu saba na zaidi. Mwaka huu wa mwisho mikono ilianza kumtetemeka. Hakumwambia mtu, lakini meza yangu inatazama yake. Alianza kupiga ukurasa mmoja mara tatu, mara nne, mpaka utoke bila ukungu. Nilimwuliza kama nimsaidie, akatazama kucha zangu nyekundu akasema bado.

Jumanne ya wiki hii, tarehe 24, ulikuwa umebaki ukurasa mmoja tu. Alikuwa ameuacha makusudi. Ni ukurasa wa daftari la wafanyakazi ulioandikwa tarehe 7 Septemba 1987, mstari wa tatu: Mwila Anaclet, mpiga chapa. Sasa pembeni yake imeandikwa tarehe ya kuondoka. Alisimama dirishani saa tatu na nusu, jua likiwa zuri, akashika simu kwa mkono wa kulia, ikatikisika. Akaishika kwa mikono miwili, ikatulia, lakini basi karatasi haikuwa na wa kuishika. Dirisha letu lilikuwa wazi na upepo wa baridi wa Juni ulikuwa unainua pembe ya ukurasa. Alitazama kucha zangu. Kisha akaniita, na hakufanya mzaha: "Mama Albertine, kuya ushike. Usiachie."

Nikaenda nikashika. Akapiga mara moja tu, ikatoka safi. Akaihamishia kwenye kompyuta, akaigeuza kuwa PDF, picha moja, mashine haikufikiri hata kidogo. Halafu akaifunga kompyuta, akaitia kwenye mfuko wa kitenge, akaniwekea mfuko mezani kwangu, akatoka kwenda kunywa chai. Mimi sikunywa. Nilibaki nikiutazama mfuko ule wa maua ya manjano, na nililia, kwa sauti, kama yeye siku ya madaftari mawili.

Papa Anaclet, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, wanafunzi na wote waliohitimu ambao majina yao hayataliwa tena na mchwa wala kulowana na mvua, tunakushukuru. Tunakuombea afya, wewe na Mama Léonie, wajukuu wasiokupa nafasi ya kukaa, mbuzi wanene, na asubuhi nyingi za kupiga picha chochote upendacho, ukungu ukiwepo au usiwepo. Pikipiki usipande tena.

Na yeyote atakayefungua faili ile ya mwisho atakuta, pembeni kushoto mwa jina lako, kidole gumba chenye ukucha mwekundu. Ni changu, na hakuna atakayekikata. Kaa kwa amani, mzee wetu, karatasi tumeishika.